Programu za Kompyuta na Usalama wa Wagonjwa: Funzo la Mtambo wa Therac-25

Vyombo vingi tuvitumiavyo huchakaa. Mkanda wa mashine ya kusaga hulegea, bomba hupata kutu, na waya uliopindwa mara nyingi hukatika. Mhandisi anayepima usalama wa chombo cha namna hiyo hujiuliza: kitadumu kwa muda gani, na kikiharibika kitatoa dalili gani?

Programu ya kompyuta haichakai. Programu ni mfuatano wa maagizo, na agizo halipati kutu. Nakala yake ya elfu moja ni sawasawa na nakala ya kwanza. Kwa sababu hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba programu iliyofanya kazi vizuri mara elfu moja haiwezi tena kumdhuru mtu. Dhana hiyo si sahihi. Kosa la programu halizaliwi na matumizi, bali huwamo tangu siku ilipoandikwa, likingojea mazingira yatakayolifichua. Katika makala haya tutaonyesha jambo hili kwa kuchambua ajali za mtambo wa tiba ya mionzi ulioitwa Therac-25, zilizotokea Marekani na Kanada kati ya mwaka 1985 na 1987. Mtambo huo hautengenezwi tena, lakini ajali zake zinaendelea kufundishwa katika vyuo vikuu vingi, kwa kuwa sababu zake hazihusu mtambo mmoja tu.

MTAMBO NA KAZI YAKE

Therac-25 ilitengenezwa na Atomic Energy of Canada Limited (AECL), shirika la umma la Kanada. Kazi yake ilikuwa kutibu saratani. Ndani yake elektroni ziliharakishwa mpaka zikapata nishati ya hadi elektronivolti milioni 25, kisha zikaelekezwa kwenye uvimbe.

Mtambo ulikuwa na njia mbili za kutibu. Kwa uvimbe ulio karibu na ngozi zilitumika elektroni zenyewe, na sumaku ziliutawanya mwali wake mwembamba ili usiunguze mahali pamoja. Kwa uvimbe ulio ndani zaidi ya mwili ilitumika eksirei. Ili kupata eksirei, elektroni zilipigishwa kwenye kipande cha metali, na eksirei zilizotoka zikapitishwa katika kichujio kilichosawazisha nguvu zake. Kichujio hicho kilimeza sehemu kubwa ya mionzi, na kwa hiyo mkondo wa elektroni uliohitajika kwa eksirei ulikuwa mkubwa kiasi cha mara 100 kuliko ule uliohitajika kwa tiba ya elektroni peke yake.

Vifaa vya njia hizo mbili vilifungwa juu ya sahani moja iliyozunguka. Sahani ikisimama mahali pa kwanza, sumaku za kutawanya elektroni zilikuwa mbele ya mwali. Ikisimama mahali pa pili, metali na kichujio vilikuwa mbele ya mwali. Mahali pa tatu palikuwa na kioo na taa tu, vilivyomsaidia mhudumu kumlaza mgonjwa panapotakiwa.

Hatari yake sasa i dhahiri. Mkondo mkubwa wa eksirei ukiwashwa wakati sahani imesimama mahali pasipo na metali wala kichujio, mgonjwa atapigwa na elektroni nyingi mno kwa muda mfupi mno. Usalama wote ulitegemea sharti moja: mkondo na sahani vikubaliane.

Katika mtambo uliotangulia, Therac-20, sharti hilo lililindwa na saketi za umeme na vizuizi vya chuma visivyotegemea kompyuta. Kompyuta iliongezwa ili kumrahisishia mhudumu kazi. Katika Therac-25 watengenezaji waliona kwamba kompyuta, aina ya PDP-11, inaweza kulinda sharti hilo yenyewe, na vizuizi vingi vya zamani havikuwekwa tena. Sehemu za programu zilichukuliwa kutoka mitambo ya awali, na programu iliandikwa na mtu mmoja kwa lugha iliyo karibu sana na lugha ya mashine.

YALIYOTOKEA

Mitambo 11 ilifungwa hospitalini, 5 Marekani na 6 Kanada. Ajali zinazojulikana ni sita. Ya kwanza ilitokea Marietta, Georgia, mwezi Juni 1985; ya pili Hamilton, Ontario, Julai 1985; ya tatu Yakima, Washington, Desemba 1985; ya nne na ya tano Tyler, Texas, Machi na Aprili 1986; na ya sita Yakima tena, Januari 1987. Watu wasiopungua watatu walikufa kwa sababu ya mionzi hiyo, na wengine waliumia vibaya.

Jambo la kuhuzunisha ni jinsi taarifa za mwanzo zilivyopokewa. Mgonjwa wa kwanza alisema pale pale kwamba ameunguzwa. Akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Baada ya ajali ya Hamilton, wahandisi wa AECL walikisia kwamba swichi ndogo inayotambua mahali pa sahani ilikuwa na hitilafu. Hawakuweza kuifanya hitilafu hiyo irudie, lakini waliirekebisha sehemu hiyo na kutangaza kwamba usalama umeongezeka walau mara 100,000. Hospitali ya Yakima ilipoandika juu ya mgonjwa wake, ilijibiwa Februari 1986 kwamba madhara yale hayakuweza kusababishwa na mtambo wala na kosa la mhudumu. Mwezi uliofuata ikatokea ajali ya Tyler.

Tarehe 21 Machi 1986 mgonjwa mmoja huko Tyler alipaswa kupata dozi ya grei 1.8. Grei 1 ni jouli 1 ya nishati inayomezwa na kila kilo 1 ya mwili. Mhudumu, aliyekuwa katika chumba cha pili, aliandika maelezo ya tiba na kuuwasha mtambo. Mtambo ulisimama mara moja, na kwenye skrini yakatokea maneno yenye maana ya «Hitilafu 54», pamoja na tarakimu zilizoonyesha kwamba mgonjwa amepata dozi ndogo kuliko iliyotakiwa. Kitabu cha mhudumu hakikueleza hitilafu hiyo ni nini. Mtambo ulizoea kusimama kwa sababu ndogo ndogo, na palikuwa na kibonyezo kimoja tu cha kuuendeleza. Mhudumu alikibonyeza.

Mgonjwa aliyekuwa ndani alikuwa amekwisha kuhisi kama pigo la umeme mgongoni. Alipojaribu kuinuka alipigwa mara ya pili. Siku hiyo chombo cha kusikilizana kati ya vyumba kilikuwa kibovu, na televisheni ya kumwangalia mgonjwa haikuwa imeunganishwa. Baadaye ilikadiriwa kwamba alipata kati ya grei 165 na 250 kwa muda usiofika sekunde moja, katika eneo dogo la mwili wake. Alikufa baada ya miezi mitano.

Mafundi waliukagua mtambo bila kuona kosa, nao ukarudishwa kazini tarehe 7 Aprili. Tarehe 11 Aprili, mhudumu yule yule akiwa kazini, Hitilafu 54 ilitokea tena, na mgonjwa wa pili akapata madhara yaliyomwua baada ya majuma matatu. Safari hii mwanafizikia wa hospitali hakungoja mtengenezaji. Alikaa na mhudumu mbele ya mtambo, wakarudia kuandika maelezo yale mara nyingi, mpaka wakagundua kitu ambacho mafundi hawakukiona: hitilafu ilitegemea kasi ya vidole.

KOSA LA KWANZA: KAZI MBILI NA UBAO MMOJA

Mhudumu alikuwa ameandika herufi ya eksirei mahali alipotaka elektroni. Alipotambua, alikipandisha kialama cha skrini juu, akaisahihisha herufi ile, akakirudisha chini haraka. Skrini ilionyesha kwamba kila kitu ni sawa. Kwa nini basi mtambo ulikosea?

Natumie mfano wa shule ya bweni. Mwalimu wa zamu huandika ubaoni idadi ya wanafunzi watakaokula. Mpishi huutazama ubao, kisha huenda ghalani kupima unga, kazi inayomchukua dakika nane. Mgawaji naye huutazama ubao wakati wa kupanga sahani. Siku moja mwalimu anaandika 400, mpishi anaondoka, halafu mwalimu anafuta na kuandika 40. Mgawaji anaona 40 na kupanga sahani 40. Mpishi amekwisha kupima unga wa watu 400. Ubao una idadi sahihi, na hakuna aliyekataa agizo. Lakini watu wawili wanafanya kazi kwa maagizo mawili tofauti.

Ndivyo ilivyokuwa katika Therac-25. Programu ilikuwa na kazi kadhaa zilizotekelezwa kwa kupokezana, zikisoma na kuandika katika sehemu zile zile za kumbukumbu. Kazi moja ilitayarisha sumaku za kuupinda mwali, utayarishaji uliochukua takribani sekunde 8. Masahihisho yaliyofanywa ndani ya sekunde hizo hayakutambuliwa na kazi iliyopanga nguvu za mwali, bali yalitambuliwa na kazi iliyozungusha sahani. Matokeo yake, mkondo ulibaki wa eksirei, na sahani ikaenda mahali pa elektroni.

Mhudumu mgeni, aandikaye polepole, asingeweza kulifikia kosa hili kwa urahisi. Mhudumu wa Tyler alikuwa mzoefu, mwenye vidole vyepesi. Kadiri alivyoimudu kazi yake, ndivyo alivyoukaribia mlango ambao programu iliuacha wazi.

KOSA LA PILI: HESABU INAYORUDI SIFURI

Ajali ya sita, ya Yakima, haikutokana na kosa lile. Ilitokana na hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya katika daftari lake.

Baiti moja ya kumbukumbu ina nafasi nane, na kila nafasi huwa 0 au 1. Kwa hiyo idadi kubwa inayoweza kuandikwa ni 11111111, yaani 255. Ukiongeza 1 unapata 100000000, yaani 256, ambayo huhitaji nafasi tisa. Nafasi ya tisa haipo. Tarakimu ya kushoto hupotea, na kinachobaki ni 00000000. Idadi imerudi sifuri, kama mita ya gari inavyorudi sifuri baada ya tarakimu zote kufika 9.

Katika Therac-25 palikuwa na baiti iliyotumiwa kama ishara. Ikiwa si sifuri, programu ilipaswa kukagua kama sahani iko mahali pake. Ikiwa sifuri, ukaguzi uliachwa. Mwandishi wa programu, badala ya kuiweka baiti hiyo katika idadi moja isiyobadilika, aliiongeza 1 kila mara mzunguko wa matayarisho ulipopita. Na mzunguko huo ulipita mamia ya mara katika tiba moja. Kwa hiyo, mara moja katika kila mizunguko 256, baiti ilikuwa sifuri na ukaguzi haukufanyika. Mhudumu akibonyeza kitufe katika nukta hiyo hasa, mwali uliweza kuwashwa hata sahani ikiwa bado imesimama kwenye kioo na taa. Tarehe 17 Januari 1987 hali hiyo ilimpata mgonjwa aliyepaswa kupata jumla ya grei 0.86. Ilikadiriwa kwamba alipata kati ya 80 na 100. Alikufa mwezi Aprili.

Dawa ya kosa hili ilikuwa kubadilisha agizo moja: badala ya kuongeza 1, baiti iwekwe daima idadi isiyo sifuri.

KWA NINI MAJARIBIO HAYAKUYAFICHUA

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtambo haukujaribiwa vya kutosha. Na tuangalie maana ya neno «kutosha». Chukua programu ndogo inayojumlisha idadi mbili, kila moja ikiwa na nafasi 16. Jozi zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Tukijaribu jozi 1,000 kila sekunde, tutamaliza baada ya siku 50 hivi. Sasa kila idadi iwe na nafasi 32. Hata tukijaribu jozi milioni moja kila sekunde, kazi itachukua zaidi ya miaka 580,000. Nasi hatujagusa bado suala la wakati: kitufe kilibonyezwa mapema au kwa kuchelewa, na katika nukta gani ya mzunguko?

Majaribio, basi, yanaweza kuonyesha kwamba kosa lipo. Kwa programu ya kawaida hayawezi peke yake kuthibitisha kwamba kosa halipo. Mwanasayansi wa Uholanzi Edsger Dijkstra alikwisha kulieleza jambo hili kabla ya Therac-25 kutengenezwa. Hata hivyo, katika uchambuzi wa usalama uliofanywa mwaka 1983, AECL ilichukulia kwamba makosa ya programu yamekwisha kupunguzwa kwa majaribio, na kwamba programu haichakai. Makosa yaliyofikiriwa ni yale ya vifaa tu. Uwezekano wa kompyuta kuchagua nishati isiyo sahihi ulikadiriwa kuwa 1 katika 100,000,000,000. Tarakimu hiyo ilikuwa na sura ya sayansi, lakini ilipima kitu kingine kabisa, si hatari iliyokuwamo.

VIZUIZI VINAVYOJITEGEMEA

Ushahidi ulio bora kuliko yote ulitoka kwenye mtambo wa zamani. Katika Chuo Kikuu cha Chicago palikuwa na Therac-20 iliyotumika kuwafundishia wanafunzi. Ilionekana kwamba kila kundi jipya la wanafunzi lilipoanza mafunzo, fyuzi za mtambo ziliungua mara kwa mara; walipozoea, zikatulia. Habari za Tyler zilipoenea, sababu ilitafutwa na ikapatikana: wanafunzi wageni waliandika na kusahihisha kwa namna zisizo za kawaida, wakaliamsha kosa lile lile la programu. Kosa lilikuwamo katika Therac-20 pia. Lakini huko palikuwa na saketi ya kulinda isiyoitegemea programu. Fyuzi iliungua, na mwali haukuwaka. Kosa moja, katika mtambo mmoja liliunguza fyuzi, katika mwingine likaua mtu.

Kanuni ya uwezekano hutuonyesha maana yake. Kizuizi kimoja kikishindwa mara 1 katika 1,000, na cha pili vivyo hivyo, vyote viwili vitashindwa kwa pamoja mara 1 katika 1,000,000. Hesabu hiyo ya kuzidisha ni halali kwa sharti kwamba vizuizi havitegemeani. Ikiwa programu ile ile inayoendesha mtambo ndiyo pia inayoukagua, hatuna vizuizi viwili. Tuna kimoja kilichopewa majina mawili.

Hatua ya kwanza ya AECL baada ya Tyler ilikuwa kuwaagiza watumiaji waking'oe kibonyezo cha kupandisha kialama na kuifunika nafasi yake kwa utepe wa umeme. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haikuridhika. Mei 1986 ilitangaza kwamba mtambo una kasoro na kudai mpango wa marekebisho. Baada ya ajali ya Januari 1987, mamlaka za nchi zote mbili zilishauri mtambo usitumike kwa tiba za kawaida. Marekebisho yaliyokubaliwa mwaka huo hayakuishia kwenye yale makosa mawili. Viliongezwa vifaa vya kuukata mwali visivyotegemea kompyuta, na kipimo cha kuonyesha mahali pa sahani. Hilo ndilo somo kubwa: kuondoa kosa moja ni kulitengeneza jana, kuweka kizuizi kinachojitegemea ni kulisubiri kosa ambalo halijajulikana.

BAADA YA THERAC-25

Mwaka 1993 Nancy Leveson na Clark Turner walichapisha uchunguzi wao wa kina juu ya ajali hizi, na tangu hapo taratibu zimekazwa. Mwaka 2006 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa kiwango namba 62304 juu ya programu za vifaa vya tiba, kinachotaka uangalifu uongezeke kulingana na ukubwa wa madhara yanayoweza kutokea.

Hata hivyo hatari haikwisha. Kati ya mwaka 2000 na 2001 wagonjwa 28 nchini Panama walipata dozi zilizozidi kiasi. Programu iliyokokotoa muda wa tiba ilipokea maelezo ya vikinga-mionzi yaliyoandikwa kwa namna isiyotarajiwa, ikatoa jibu lisilo sahihi bila onyo lolote, na jibu hilo halikuhakikiwa kwa hesabu ya mkono. Mtambo wenyewe ulikuwa mzima.

Nchi zetu nazo zimo katika njia hii. Mitambo ya kuharakisha elektroni ya kizazi kipya imefungwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, nayo huokoa maisha ya wengi. Historia hii haimpi mgonjwa sababu ya kuiogopa tiba. Saratani isiyotibiwa ina hatari kubwa zaidi. Inatupa sababu ya kuwathamini wanafizikia wa hospitali, ambao kila siku huipima mionzi kwa vyombo vingine kabla mgonjwa hajaingia, na ya kudai kwamba taarifa ya hitilafu isifichwe.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Somo hili linaweza kufundishwa bila kompyuta. Waagize wanafunzi wanane wasimame mstari mmoja, kila mmoja akiwa 0 akiinama na 1 akisimama wima, nao wahesabu kuanzia sifuri. Wakifika 255, waambie waongeze 1, kisha wawaulize wenzao walioketi: ikiwa sifuri ina maana ya «usikague», nini kitatokea sasa? Katika somo la hisabati, wakokotoe uwezekano wa vizuizi viwili kushindwa pamoja, halafu wajadili ni lini kuzidisha huko si halali.

Mwanafunzi atakayekuwa mwandishi wa programu ajifunze kuuliza si tu «je, inafanya kazi?» bali pia «ikikosea, ni nani ataizuia?» Naye atakayekuwa mganga au mhudumu akumbuke wagonjwa wa Therac-25. Skrini ilisema dozi ni ndogo. Mgonjwa alisema anaungua. Mmoja wao alikuwa anasema kweli, na haikuwa skrini.